Milimita Moja ya Nyuki

Asubuhi za Julai hapa Lushoto, nyuki hachangamki mapema. Nina kichaka cha kivumbasi nyuma ya nyumba, na saa 12:30, umande ukingali majanini, humkuta hapo nyuki wa jenasi ya Amegilla, yule mwenye mistari ya buluu tumboni. Mara nyingi ni dume. Hana mzinga wa kurudi, kwa hiyo hung'ata kijiti kwa mataya yake akalala usiku kucha akining'inia. Misuli yake ya kurukia imepoa pamoja na hewa, na mpaka ipate joto haendi popote. Huo ndio wasaa wangu wa kumpiga picha.

Picha ya kwanza hutoka hivi: kipapasio kimoja safi kabisa, jicho limefunikwa na ukungu, mbawa hata hazitambuliki. Wengi hulaumu mkono kwa kutetemeka. Mkono una makosa yake kweli, lakini hata ukiiegemeza kamera kwenye jiwe ukungu ule hauondoki. Tuanze na mwanga wenyewe.

Chagua nukta moja juu ya jicho la nyuki. Mwanga unaotoka hapo husambaa pande zote. Lenzi hukinga sehemu yake na kuupinda ukutane tena upande wa pili. Nyuma ya lenzi, mwanga huo una umbo la karatasi iliyoviringwa ya kuuzia karanga: pana mdomoni, inachongoka hadi ncha. Ncha ikiangukia sensa barabara, nukta ya jicho inachorwa nukta. Ikiangukia mbele au nyuma ya sensa, inachorwa duara. Ukungu wote wa picha ni maduara ya namna hiyo yaliyopandana.

Basi ncha huangukia wapi? Tuseme lenzi ina urefu wa fokasi wa milimita 50. Kwa kanuni ile ya lenzi tuliyofundishwa sekondari, ncha ya mwanga wa mwezi huangukia milimita 50 nyuma ya lenzi. Ya mtu aliyesimama mita 10 kutoka kwako huangukia milimita 50.25. Toka kwa mtu huyo hadi mwezini, safari yote hiyo, ncha imesogea robo ya milimita tu. Ndiyo maana bibi harusi na mlima ulio nyuma yake huweza kutoka vizuri pamoja.

Sasa mlete nyuki mpaka sentimita 10. Ncha inaruka hadi milimita 100, na taswira yake juu ya sensa inakuwa na ukubwa uleule wa nyuki mwenyewe. Rudi nyuma milimita 1, labda kutoka mbele ya jicho hadi kisogoni: ncha inahamia milimita 99.02. Imesogea karibu milimita nzima, mara nne ya ile safari ya mwezini! Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea kugawanya.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu: zunguka mpaka ubavu wa nyuki uwe sambamba na mgongo wa kamera, ili jicho, kifua na tumbo viwe umbali mmoja. Dawa ya pili ni kubana mdomo wa karatasi ya karanga. Kipenyo cha tundu la lenzi kikipungua mara nne, kila duara la ukungu nalo hupungua mara nne. Ila mwanga unaoingia hupungua mara 16. Na kwa kuwa lenzi sasa iko mbali na sensa mara mbili ya kawaida, mwanga huohuo mchache unatandazwa juu ya eneo kubwa mara nne. Giza limeingia, kamera inalazimika kukodoa macho kwa muda mrefu, na hapo ndipo mkono na upepo vinapopata nafasi. Ua likiyumba kwa mwendo wa sentimita 1 kwa sekunde, upepo usioweza hata kuzima kibatari, katika sehemu ya 1/50 ya sekunde limeshahama milimita 0.2. Vinyweleo vyote vimefutika.

Flashi huokoa. Ikiwashwa kwa nguvu ndogo, mmweko wake unaweza kudumu 1/10,000 ya sekunde, na katika muda huo ua letu limehama sehemu moja tu ya elfu ya milimita. Weka karatasi nyeupe mbele yake, la sivyo mgongo wa nyuki utang'aa kama sufuria mpya.

Mwenye simu asikate tamaa. Lenzi ya simu ni fupi mno, hivyo ukungu wake ni mdogo. Taabu yake ni kushindwa kukaribia. Shikilia mbele yake kioo cha kukuza chenye fokasi ya sentimita 5, nyuki awe sentimita 5 kutoka kioo hicho. Miale itatoka imenyooka sambamba, na simu itadhani inatazama kitu cha mbali.

Kwa nini basi tusilibane tundu mpaka liwe la sindano? Kwa sababu mwanga ni mawimbi. Ukipenyezwa mahali pembamba hutawanyika, kama mawimbi ya bahari yanavyopanuka baada ya kupita mlango wa gati, na ile ncha kali hunenepa.

Mwulize nyuki. Jicho lake ni maelfu ya vilenzi, kila kimoja na upana wa takriban sehemu mbili za mia za milimita. Kwa matundu madogo hivyo, hahitaji kurekebisha fokasi: ua lililo puani pake na mti wa ng'ambo ni mamoja. Lakini vilenzi hivyo hutawanya mwanga, na vitu viwili vilivyotengana kwa chini ya kama nyuzi 1, upana wa kidole cha mwisho ukinyoosha mkono, kwake ni kimoja.

Jua limeshafika kwenye kivumbasi. Dume langu linatetemesha misuli ya kifua, mbawa zimetulia, likijipasha moto. Liko sentimita 10 kutoka kwangu, na lenzi yangu, uso wangu na milima ya Usambara nyuma yangu vyote viko ndani ya fokasi yake, vyote vimechorwa kwa nukta nene. Linaachia kijiti.