SOMO KWA MAKATIBU: DAFTARI LA WIKI

Ndugu Katibu,

Kazi iliyosahauliwa ni deni kwa mkulima. Katika chama kimoja mkoani Shinyanga nilikuta lalamiko la mizani limelala daftarini hadi msimu wa pamba ukafungwa.

Wiki ni daftari la kompyuta lenye kurasa zilizounganishwa. Mojawapo, TiddlyWiki ya mwaka 2004, ni faili moja, nayo hutumika bila intaneti. Ipange hivi:

1. Kila kazi iwe na ukurasa: mhusika, tarehe ya mwisho, hatua ifuatayo.
2. Iunganishe na muhtasari wa mkutano ulioiagiza.
3. Ipe alama: "inasubiri" au "imekwisha".
4. Kila Jumatatu zipitie zinazosubiri, kisha hifadhi nakala ya faili mahali pengine.

Zoezi: Andika maagizo matatu ya mkutano uliopita. Lipi halijatekelezwa, na nani analisubiri?