Kubaki au Kurudi? Namna Familia Inavyoweza Kupima Uamuzi Mgumu

Somo letu la robo mwaka hii linahusu swali linaloulizwa katika nyumba nyingi za mikoa ya magharibi mwa nchi yetu. Mtu aliyeingia nchi ya ugenini akiwa kijana, akalima, akaoa, akazaa na akazika huko, apime vipi kama abaki au arudi alikotoka? Swali hili halina jibu moja la kumfaa kila mtu. Lakini lina namna nzuri na namna mbaya ya kulijibu. Namna mbaya ni kuamua kwa hofu, kwa uvumi au kwa kufuata majirani.

Malengo ya somo: (1) kuelewa historia ya ndugu zetu waliotoka Burundi mwaka 1972, kwa kuwa wao walilijibu swali hili kwa maelfu, (2) kutambua faida na hasara za kubaki na za kurudi, (3) kupata utaratibu ambao familia inaweza kuutumia.

HISTORIA KWA UFUPI

Mwaka 1972 mauaji makubwa nchini Burundi yaliwalazimu watu wengi, hasa Wahutu, kukimbilia nchi jirani. Waliokuja Tanzania walipewa maeneo ya mapori, mengi yakiwa na mbung'o, wayafyeke na kuyalima. Ndipo yakaanza makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilishirikiana na Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) katika kujenga barabara, visima, shule na zahanati. Baada ya miaka michache watu hawa walikuwa wanajilisha na kuuza ziada ya mahindi, maharage na tumbaku.

Hata hivyo kisheria walibaki wakimbizi. Aliyetaka kusafiri nje ya makazi alihitaji kibali. Mtoto aliyezaliwa Katumba aliitwa mkimbizi kama baba yake, ingawa Burundi hakuwahi kuiona.

Mwaka 2007 Serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zilikubaliana kuwapa watu hawa nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi kwa hiari au kuomba uraia wa Tanzania. Walikuwa takriban 218,000. Kati ya kila watu watano, karibu wanne walichagua uraia. Zaidi ya 50,000 walirudi Burundi. Maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa, lakini vyeti vilichelewa, kwa sababu mpango wa awali uliwataka raia wapya wahame makazi na kutawanyika katika mikoa mingine. Mpango huo ulisitishwa, na ugawaji wa vyeti ukaanza Oktoba 2014. Kwa miaka kadhaa, basi, familia nyingi zilikuwa zimekwisha kuukana uraia wa zamani huku zikiwa hazijashika cheti cha uraia mpya. Wakulima wengine walisita hata kupanda miti ya matunda au kukarabati nyumba, kwa kuwa hawakujua kama wangevuna au wangehama.

FAIDA ZA KUBAKI

Ya kwanza ni riziki inayojulikana. Mkulima anayejua shamba lake, mvua zake na soko lake ana mali ambayo haibebeki kwenye lori.

Ya pili ni lugha na elimu ya watoto. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili akipelekwa Burundi anakutana na Kirundi na Kifaransa darasani. Wengi waliorudi walilazimika kurudishwa madarasa ya chini.

Ya tatu ni usalama wa kisheria. Raia hahitaji kibali cha kusafiri. Anaweza kupiga kura na kuajiriwa, na hawezi kurudishwa kwa nguvu. Tusiidharau faida hii. Mwaka 2015 machafuko ya kisiasa Burundi yaliwafanya watu wengi kukimbia tena, na zaidi ya 200,000 waliingia Tanzania. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wamerudi kwao miaka michache tu iliyotangulia.

HASARA ZA KUBAKI

Uraia wa tajnisi una mipaka. Katiba yetu inataka Rais awe raia wa kuzaliwa. Uraia wa tajnisi unaweza pia kufutwa, kwa mfano ukibainika kuwa ulipatikana kwa udanganyifu. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo aliyeupokea huu alipaswa kuukana ule. Hadhi ya ukimbizi nayo inakoma, pamoja na misaada iliyoambatana nayo.

Ardhi pia ina mambo yake. Cheti cha uraia si hati ya shamba. Makazi haya yalitengwa kwa ajili ya wakimbizi, na kupata uraia hakukuyageuza kwa siku moja kuwa vijiji kama vijiji vingine. Kila familia inapaswa kuuliza katika ofisi ya ardhi ya halmashauri yake shamba lake lina hadhi gani kisheria, isije ikajenga juu ya dhana.

Tena kuna jeraha lisiloandikwa kwenye fomu. Wapo raia wenye cheti ambao bado wanaitwa "Warundi" sokoni au kwenye foleni ya zahanati. Na wazee wengi wanaumia kwa kufikiri kwamba watazikwa mbali na wazazi wao.

FAIDA ZA KURUDI

Aliyerudi hakuhitaji kuomba uraia, kwa kuwa ni wake. Anaongea lugha ya mama bila kuombwa maelezo. Anakutana na ndugu waliobaki. Ana haki ya kudai itongo, yaani ardhi ya ukoo. Mkataba wa Amani wa Arusha wa mwaka 2000 ulitamka kwamba wakimbizi wanaorejea warudishiwe mali zao au wafidiwe, na mwaka 2006 Burundi iliunda tume maalum ya ardhi na mali nyingine kushughulikia madai hayo. Kwa mzee aliyekimbia akiwa na miaka ishirini, kuliona tena shamba la baba yake ni jambo ambalo hatuwezi kulipima kwa shilingi.

HASARA ZA KURUDI

Ardhi ya Burundi ni ndogo na watu ni wengi. Katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako kuna michikichi mingi, mashamba ya walioondoka mwaka 1972 yaligawiwa watu wengine. Waliogawiwa nao walizaa watoto hapo, na baadhi walikuwa na karatasi za Serikali mkononi. Aidha, sheria ya ardhi ya Burundi ilimpa haki mtu aliyelikalia shamba kwa miaka thelathini. Aliyekimbia mwaka 1972 na kurudi mwaka 2008 alikuwa amepitisha miaka thelathini na sita. Mashauri mengi yaliishia kwa kugawana shamba nusu kwa nusu, na mengine yalizaa uhasama. Wale wasiojua hata mlima waliotoka wazazi wao walipelekwa katika vijiji vipya vilivyojengwa kwa ajili ya waliorejea.

Jeraha la jina halikuishia mpakani. Waliorudi walijikuta wakiitwa "Watanzania" kwa sababu ya Kiswahili chao na desturi zao. Na aliyerudi hawezi kugeuza safari kirahisi. Hadhi yake ya ukimbizi imekwisha, na akirudi Tanzania anaingia kama mgeni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imerahisisha kutembeleana na kufanya kazi, lakini suala la ardhi liliachwa chini ya sheria za kila nchi. Hapa kwetu mgeni hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

FAMILIA IPIME VIPI?

Watu wengi huandika faida upande mmoja na hasara upande wa pili, kisha wakahesabu. Njia hii inapotosha. Hasara moja inaweza kuwa nzito kuliko faida kumi. Tunapendekeza hatua tano.

1. Tenganisha unalolijua na unalolisikia. Kama jirani kasema "mashamba yanarudishwa," uliza: shamba la nani, mlima gani, mwaka gani? Pale inapowezekana, mtu mmoja wa familia aende akaone kwa macho yake kabla ya wote kufunga mizigo.

2. Tenganisha kinachoweza kurekebishwa na kisichoweza. Nyumba mbovu hujengwa upya. Lugha hujifunzwa, ingawa kwa tabu. Lakini uraia uliokanwa na shamba lililouzwa havirudi kirahisi. Jambo lisilorekebishika lipewe muda mrefu zaidi wa kufikiriwa.

3. Pima kwa kila mtu, si kwa kichwa cha familia pekee. Jiulizeni uamuzi huu utakuwaje kwa baba mwenye miaka sabini, kwa mama mjane, kwa kijana mwenye mke Msukuma au Muha, na kwa binti aliye kidato cha tatu. Mjane apewe nafasi ya pekee ya kusema, kwa kuwa madai ya ardhi ya ukoo mara nyingi hupitia kwa wanaume, naye anaweza kufika kule akiwa hana wa kumsemea.

4. Tazameni miaka ishirini mbele. Mzazi huona alichokiacha, na kijana huona atakakoishi. Macho yote mawili yanahitajika.

5. Andikeni uamuzi na sababu zake. Mambo yakiwa magumu baadaye, na magumu hayakosi, karatasi hiyo huzuia lawama ndani ya nyumba.

Tuchukue mfano. Baba anasema, "Mwanangu, mimi nataka nikafie kwetu." Kijana anajibu, "Baba, neno lako nalipokea kwa heshima, lakini kwetu mimi ni hapa." Wote wawili wanasema kweli. Familia kadhaa zilitatua jambo hili kwa kugawanyika: mzee akarudi kudai itongo, vijana wakabaki na uraia. Njia hii ina busara yake, kwani mlango mmoja ukifungwa mwingine uko wazi. Lakini gharama yake isifichwe. Nani atamchotea mzee maji? Nani atamuuguza? Nauli ya kumtembelea itatoka wapi kila mwaka? Kama maswali haya hayana majibu yenye majina ya watu, mpango haujakamilika.

NENO KWA WALIOKWISHA KUAMUA

Uamuzi wa kubaki haukamiliki kwa kupokea cheti. Hakikisheni watoto wana vyeti vya kuzaliwa kutoka RITA, na kwamba wenye umri unaotakiwa wamejiandikisha kupata Kitambulisho cha Taifa. Tunzeni cheti cha uraia cha mzazi mahali pasipofikiwa na mchwa wala moto, kwa kuwa haki ya mtoto inaanzia pale.

Kanisa linalo somo lake hapa. Katika Yeremia 29 nabii anawaandikia watu walio uhamishoni Babeli wajenge, wapande, waoze watoto wao na kuuombea mema mji wanaokaa. Wakati huohuo barua hiyo haiwaambii wasahau walikotoka. Kwa hiyo tusimhukumu anayebaki kuwa ameikana asili yake, wala anayerudi kuwa hana shukrani.

Nasi wenyeji tuna sehemu yetu. Familia inaweza kupima vizuri na kuchagua vizuri, kisha maneno yetu ya sokoni yakaufanya uchaguzi wao kuwa mchungu. Anayemwita jirani yake mgeni baada ya miaka hamsini ya kulima pamoja anapunguza thamani ya cheti kilichotolewa na nchi yake mwenyewe.

Mwisho, tukumbuke kwamba mpango wa mwaka 2007 uliwahusu waliokuja mwaka 1972. Walioingia baadaye, kama Wakongo waliofika Nyarugusu tangu mwaka 1996 na Warundi wa mwaka 2015, hawakuhusika nao. Washarika wanaowahudumia wawe waangalifu wasiwape ahadi ambazo sheria haijazitoa. Kumpa mtu taarifa sahihi, hata isiyopendeza, ni huduma kubwa kuliko kumpa tumaini la uongo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika eneo lenu kuna watu walioishi zaidi ya miaka ishirini wakiwa bado wanaitwa wageni? Jina hilo linawazuia kupata nini?

2. Kati ya faida na hasara zilizotajwa, ipi ni nzito zaidi kwa mzee? Kwa mjane? Kwa kijana? Kwa nini zinatofautiana?

3. Ni mambo gani matatu ambayo familia isiyarekebishe tena ikishaamua, na inawezaje kuyachelewesha hadi ipate uhakika?

4. Usharika wenu unaweza kufanya nini mwaka huu kusaidia familia kupata vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kujua hadhi ya mashamba yao?

Vikundi vitakavyojadili somo hili vinaombwa kutuma muhtasari wa majibu kupitia kwa mchungaji wa usharika, ili tujifunze pamoja katika toleo lijalo.