Mahali Tunapoishi Hubadili Mwili

Hapa Nachingwea na Ruangwa tumezoea jembe, kutembea hadi shambani, ugali, mbaazi na kisamvu. Je, vijana wetu wakihamia Dar es Salaam, miili yao hubaki vilevile?

Watafiti waliwafuatilia watu 209 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda jijini humo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya mwaka mmoja, kazi nzito zilikuwa zimepungua sana, na uzito umeongezeka kwa wastani wa kilo 2 na zaidi. Unene huleta presha na kisukari.

Fedha za utafiti wa namna hii hazipotei: zinaonyesha kuwa kosa si la mtu peke yake, bali pia la mazingira. Nasi sasa tuna bodaboda, soda na chipsi. Basi tutembee, tusidharau mbaazi, tupime presha mapema.