"Borrow" na "Lend": Neno Moja, Dhima Mbili



Somo la lugha la toleo hili nimelitoa Port Bell, bandari ya Luzira inayobeba jina la Hesketh Bell, aliyeiongoza Uganda kwa niaba ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Pale mwaloni Kiganda, Kiingereza na Kiswahili cha watu wa meli za Mwanza huchanganywa bila kuombana radhi, na haipiti saa hujasikia: "Borrow me ten thousand." Wanachuo huicheka sentensi hiyo, kisha jioni bwenini huisema wenyewe.

Kanuni ni fupi. "Borrow" ni tendo la anayepokea, "lend" ni la anayetoa. Kwa hiyo aombaye husema "Lend me", au "May I borrow". Basi.

Kwa nini tunakosea? Kitenzi chetu "azima" hutazama pande zote mbili: nimeazima kitabu kwake, ameniazima kitabu. Viambishi na muktadha ndivyo vinavyotuambia nani katoa. Kijerumani nacho hufanya hivyohivyo kwa "borgen", ndugu wa damu wa "borrow". Kiganda kimejipanga vizuri zaidi: "okwazika" ni kutoa, "okweyazika" ni kuchukua.

Asili yake inapendeza. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na nomino "borg", yaani dhamana, au hata mtu anayemdhamini mwenzake. Kutokana nayo kikazaliwa kitenzi "borgian". Kuazima kulikuwa kufungwa na dhamana, si kuomba tu. "Lend" nayo haikuwa na d mwishoni. Herufi hiyo ilijipenyeza karne nyingi baadaye.

Sasa tufike penye uzito. Mvuvi mmoja aliniomba nimwandikie karatasi ya makubaliano, kwa sababu mwenye mali alitaka iwe ya Kiingereza. Alikuwa anachukua injini ya boti kwa miezi miwili, pamoja na shilingi 300,000 za mafuta na nyavu. Rasimu aliyokuja nayo ilisema kwamba "amborrow" injini na fedha, zote katika sentensi moja. Kwa Kiingereza haina kosa. Lakini ziwa likiimeza injini, anadaiwa nini?

Kiswahili makini hutenganisha: kitu huazimwa, fedha hukopwa. Kiganda vilevile: "okweyazika" kwa kitu, "okwewola" kwa fedha. Fiqhi imetenganisha kwa majina: ariya ni kutumia kitu cha mtu na kukirudisha kilekile, karadha ni kuchukua mali uitumie iishe, urudishe mfano wake. Noti zilezile hakuna anayezingoja. Karadha ikipotea baharini au sokoni, deni liko palepale, na halipaswi kuongezwa hata senti.

Ariya ina mjadala. Mtume (s.a.w.) aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn, akamhakikishia kuwa zina dhamana. Mashafii, ambao ndio wengi kwetu, wanasema mwazimaji hulipa kikiharibika hata bila uzembe, isipokuwa kilichochakaa kwa matumizi aliyoruhusiwa. Mahanafi wanasema halipi ila akizembea. Kwa mtu ambaye injini moja ni kipato cha miaka, tofauti hiyo si ya darasani.

Nikaandika sentensi mbili. Ya kwanza kuhusu injini: namba yake, hali yake, kwamba itarudi yenyewe, na nani atabeba hasara ikizama. Hilo la mwisho waliliamua wao mbele ya mashahidi, baada ya mabishano marefu kuliko nilivyotarajia. Ya pili kuhusu fedha: kiasi na tarehe, kama Aya ya 282 ya Suratul-Baqara inavyoagiza deni liandikwe. "Borrow" ilibaki kwenye injini. Kwenye fedha nilitumia "loan". Sheria ya Kiingereza haikunilazimisha. Nilitaka msomaji wa kesho asichanganye.

Zoezi: tafsiri kwa Kiingereza, "borrow" isitokee zaidi ya mara moja: "Niliazima kasia kwa jirani, akaniazima na taa, kisha nikakopa sukari dukani." Tahadhari na hiyo sukari: mwenye duka hakukuazima kitu, amekuuzia.