SOMO: KIPIMA-MWENDO CHA MOTOKAA KIKIHARIBIKA

Motokaa nyingi za zamani zingali zikifanya kazi vijijini. Katika vyombo vyake vyote, kinachodharauliwa zaidi ni kipima-mwendo, ambacho wengi hukiita spidomita. Mshale ukisimama, mwenye motokaa husema, "Haidhuru, gari linakwenda." Kumbe yadhuru. Asiyejua mwendo wake hawezi kujua kama amepita kiasi cha sheria, ambacho katika miji ya Kenya na Tanzania ni kilomita 50 kwa saa. Tena tarakimu za masafa zikisimama, hajui wakati wa kubadili mafuta ya injini. Wengine hukimbilia kununua kipima-mwendo kipya kwa fedha nyingi, hali kilichokatika ni waya tu. Basi yafaa kuujua ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Jinsi kinavyofanya kazi

Katika Land Rover za zamani, meno madogo yaliyo nyuma ya giaboksi huzungusha waya uliosokotwa, nao huzunguka ndani ya ganda lake mpaka nyuma ya kipima-mwendo. Katika Volkswagen ndogo za zamani zenye injini nyuma, waya huzungushwa na gurudumu la mbele la kushoto: ncha yake ya mraba hupenya kifuniko cha kitovu cha gurudumu, na hufungwa kwa kipini kidogo.

Ndani ya kipima-mwendo waya huzungusha sumaku iliyo karibu na kikombe cha alumini, wala havigusani. Alumini haivutwi na sumaku iliyotulia. Lakini sumaku ikizunguka huzalisha umeme katika kikombe, na umeme huo hukivuta kikombe kuifuata. Kamani nyembamba hukizuia. Kwa hiyo kadiri mbio zinavyozidi, ndivyo kikombe kinavyozidi kugeuka, na mshale uliofungwa kwake hupanda. Otto Schulze alipata hati ya uvumbuzi huu Ujerumani mwaka 1902. Waya huo huo hugeuza pia tarakimu za masafa.

Mashahidi wawili

Mshale na tarakimu ni mashahidi wawili waliotumwa na waya mmoja. Kama ilivyo desturi barazani, wasikilize wote kabla ya kukata shauri.

(1) Wote wawili wamenyamaza. Aghalabu kosa li katika waya, au mahali unapozungushwa. Fungua nati ya waya nyuma ya kipima-mwendo, kisha watu wawili waisukume motokaa polepole mahali pa sawasawa, injini ikiwa imezimwa, na dereva akae karibu na breki. Ncha ya waya ikizunguka, waya ni mzima. Kosa li katika kipima-mwendo chenyewe. Isipozunguka, tazama upande wa pili: huenda waya umekatika, au ncha yake imelika, au kipini cha gurudumu kimepotea.

(2) Tarakimu zaenda, mshale umesimama. Waya hauna kosa. Kamani, kikombe au mshale wenyewe umeharibika, na kazi hiyo ni ya fundi wa vyombo vidogo.

(3) Mshale waenda, tarakimu zimesimama. Hapa pia waya hauna kosa. Meno ya tarakimu yamelika au yamevunjika.

(4) Mshale watetemeka, au pana sauti ya kulia. Waya umekauka, au umepindwa mno. Kipindo kiwe duara pana, ambalo nusu ya upana wake haipungui inchi 6.

(5) Mshale waruka mpaka mwisho. Mara nyingi mafuta au uchafu umeingia ndani, na kikombe kimeshikana na sumaku.

(6) Wote waenda, lakini husema uongo. Tazama kama matairi ni ya kipimo kingine, au kama kipima-mwendo kilitolewa katika motokaa nyingine. Katika vile vya Smiths, idadi ya mizunguko ya waya kwa maili moja huandikwa kwa tarakimu ndogo usoni. Kipya kifanane na cha kwanza.

Kutia waya mpya

Kabla ya kuutia, chukua kipande cha waya wa zamani, ukiingize nyuma ya kipima-mwendo, ukizungushe kwa vidole. Pakiwa pagumu, hapo ndipo palipoukata waya wa kwanza, napo patakata wa pili. Paka waya grisi kidogo, lakini inchi 8 za juu uzifute zibaki bila grisi, isije ikapanda na kuingia katika kipima-mwendo. Kosa hili hufanywa na mafundi wengi wenye haraka, nao huharibu kilichokuwa kizima.

Kujaribu ukweli wake

Chagua barabara iliyo wazi, yenye vibao vya kilomita. Dereva ashike mwendo mmoja, na mwenziwe ahesabu sekunde kutoka kibao hata kibao. Dereva asitazame saa. Gawanya 3600 kwa hesabu ya sekunde, utapata kilomita kwa saa. Sekunde 90 ni kilomita 40. Sekunde 72 ni kilomita 50. Sekunde 60 ni kilomita 60. Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hizi darasani.

Tena, kabla ya kuuamini mshale, soma maandishi yaliyo chini yake. Vipima-mwendo vingi vilivyotoka Uingereza huhesabu maili. Mshale ukionyesha 50 katika chombo cha namna hiyo, motokaa inakwenda kilomita 80 kwa saa, na dereva aliyedhani anafuata sheria amekwisha kuivunja. Katika chombo cha maili, alama ya kutopita mjini ni 31. Itie rangi nyekundu, ili kila atakayeendesha motokaa hiyo aione.