Pima Duka Kabla ya Kukata Chuma
Kijitabu cha mafundi wa rafu na stendi za chuma wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Kijitabu hiki tumemwandikia fundi wa chuma ambaye mkono wake ni mzuri lakini maduka hayamjui. Yuko Magongo, Mtongwe au Bamburi, anachomelea mageti na madirisha, na mara moja moja huitwa kutengeneza rafu. Akimaliza hulipwa na kuondoka, na duka la jirani hununua rafu zilizokuja na kontena. Kontena hizo hushushwa Kipevu, pua na mdomo na karakana za Changamwe. Inatuuma kuona hivyo, kwa sababu rafu ya kontena haijui ukuta wa duka la Likoni. Ukuta una mita tatu na robo, rafu zinajaza mita tatu kamili, na hiyo robo inabaki pa kuegesha fagio. Fundi wa hapa anaweza kuitumia robo hiyo, mradi afike dukani mapema na ajue la kusema.

Nenda na futikamba, usiende na bei

Mwenye duka analipa kodi ya chumba kila mwezi, na kila kipande cha ukuta kisichobeba bidhaa anakilipia bure. Akilini mwake anajiuliza: hapa patakaa mali kiasi gani, na mteja ataiona? Fundi anayeanza kwa kutaja shilingi hajalijibu swali hilo, na mazungumzo yatakwenda moja kwa moja kwenye kupunguziwa.

Chagua saa nne au saa tano asubuhi, katikati ya wiki. Ijumaa mchana na mwisho wa mwezi mwenye duka hana nafasi ya kukusikiliza. Salimia, sema karakana yako iko wapi, kisha omba ruhusa ya kupima. Pima ukuta chini, katikati na juu, maana vyumba vyetu vingi vya kupangisha kuta zake hazikunyooka. Weka pimamaji sakafuni. Pima mlango pia, kwa sababu rafu iliyochomelewa nzima karakanani inaweza kukwama barazani huku wateja wakitazama. Mtu mwenye kikapu anahitaji kama sentimita 90 za njia, na watu wawili wakipishana wanataka kama 120. Ukimwonyesha mwenye duka kwamba rafu zako zimeacha njia ya mama aliyebeba mtoto mgongoni, ameshaelewa kwamba umelifikiria duka lake.

Kisha uliza ni bidhaa gani inatoka haraka, ipi inalala, na ipi huibwa. Swali la wizi ndilo hufungua mdomo zaidi kuliko yote. Kutokana na majibu utajua nini kikae kati ya kiuno na macho, mahali ambapo mkono hufika bila kuinama, na nini kiwe karibu na kaunta. Andika yote mbele yake.

Mtandio na beli la unga

Fikiria uko Kisauni mbele ya mama anayeuza madera na mitandio. Umemletea stendi ya mfano, rangi nyeusi, inang'aa. Mama haitazami rangi. Anaangua mtandio mwembamba na kuupitisha polepole juu ya mkono wa stendi, kuanzia kwenye ungio hadi kwenye ncha. Karibu na ncha unanasa.

"Fundi, hii itanilia nguo."

"Ni rangi tu, mama, haijakauka vizuri."

"Mwanangu, mteja hataniuliza kama ni rangi au ni chuma. Ataniuliza nani alitoboa mtandio."

Mama ana haki, na stendi imerudi karakanani. Jaribio hilo lifanye wewe mwenyewe kabla ya kutoka. Ziba ncha zote za bomba, saga kila tone la kuchomelea kwa grainda, piga msasa, kisha pitisha kitambaa chepesi kila mahali ambapo nguo itagusa. Ukifika dukani usianze kujisifu. Mpe mtandio aupitishe kwa mkono wake.

Kwa mwenye minimaati jaribio ni unga. Beli moja lina pakiti 12 za kilo 2, jumla kilo 24. Panga mabeli manne juu ya bati moja la rafu, kilo 96, vuta uzi kwenye ukingo wa mbele kutoka pembe hadi pembe, uache mpaka kesho yake. Uzi ukiachana na bati pale katikati, bati limelemewa na linahitaji utepe wa chuma chini yake. Usisahau kwamba kuna siku kijana wa duka atapanda juu ya rafu hiyo ili afikie sabuni. Mwonyeshe mwenye duka picha ya jaribio, mabeli yakiwa juu na uzi ukiwa bado umegusa bati.

Andika geji ya chuma kwenye karatasi ya bei. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 16 ni karibu milimita moja na nusu, geji 22 haifiki milimita moja. Mshindani wako anaweza kuwa na bei ya chini kwa sababu ameshuka geji mbili bila kusema. Mnunuzi asipoiona geji kwenye karatasi atalinganisha shilingi kwa shilingi, na mwenye kazi nzito ndiye atakayeonekana mlafi.

Hesabu ya shiti moja

Faida nyingi hupotea hapa, na mara nyingi fundi hajui imepotelea wapi. Shiti ya kawaida ya futi nane kwa nne ina sentimita 244 kwa 122. Ule upana wa 122 ukiugawa mara tatu unapata vipande vya karibu sentimita 40. Kunja sentimita nne mbele na nne nyuma, umebaki na kina cha sentimita 32, kinachotosha dawa ya meno, sabuni na makopo. Sasa tazama urefu. Ukikata sentimita 81, unapata vipande vitatu kwenye 244. Ukikata 90 kwa sababu mteja ametaja 90, unapata viwili, na kipande cha 64 kinabaki pembeni. Shiti ile ile imekupa mabati sita badala ya tisa.

Kwa hivyo mteja akisema tisini, usiitikie papo hapo. Muulize kama ukuta wake ungekubali rafu za themanini, nne badala ya tatu, halafu mchoree. Mara nyingi aliitaja tisini kwa sababu ndiyo aliyoiona kwingine. Nguzo nazo zifikirie hivyo hivyo: bomba la mraba huuzwa kwa mita sita, na nguzo za mita mbili hutoka tatu bila mabaki ya maana, ukitoa ulaji wa diski.

Kutu ya pwani

Hewa yetu ina chumvi, na hili ndilo jambo ambalo fundi wa hapa analijua kuliko muuzaji wa kontena. Liseme kwa fahari. Rafu ya duka huanza kuoza miguuni, kwa sababu kila asubuhi sakafu hupigwa deki kwa maji na dawa. Kisha kutu hutokea kwenye maungio, pale moto wa kuchomelea ulipounguza zinki. Safisha ungio kwa brashi ya waya, paka rangi ya msingi yenye zinki, ndipo uje na rangi ya juu. Valisha miguu vikombe vya plastiki au mpira, na inyanyue rafu sentimita 10 au 15 ili deki ipite chini. Duka la kanzu nyeupe litakuelewa haraka, kwani doa moja la kutu humaliza kanzu nzima.

Nani anayetia sahihi

Katika duka la mtu mmoja, mwenye kaunta ndiye mwenye pesa. Kwenye supamaketi yenye matawi, meneja wa tawi anaweza kuipenda kazi yako kwa dhati na bado asiwe na uwezo wa kununua hata ndoano moja. Muulize kwa heshima nani huidhinisha vifaa vya duka, na umuombe akutambulishe. Pengine mlango wako utakuwa ukarabati wa rafu zilizopinda au kujaza kona ambayo rafu za kununua hazikuingia. Kazi hiyo ndogo ipokee.

Mnunuzi wa aina hii atataka jina la biashara lililosajiliwa, kibali cha kaunti, PIN ya KRA na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya KRA. Hiyo ankara haombi kwa usumbufu. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida KRA haimkubalii aiondoe kwenye hesabu ya kodi. Usajili wa jina hufanywa kupitia eCitizen, na Huduma Centre wanaweza kukusaidia.

Pesa na karatasi

Chukua arbuni inayotosha vifaa vyote kabla ya kukata. Tuseme kazi ni shilingi 180,000 na vifaa ni 110,000: arbuni isishuke chini ya 110,000. Ukikopesha, kopesha jasho lako, usikopeshe chuma cha mwenye hadwea. Nakumatt lilikuwa jina kubwa kuliko yote ya supamaketi nchini, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ya kulifilisi huku wauzaji wengi wakiwa bado wanadai.

Siku ya malipo iandikwe kwenye oda. Kwa sheria ya ushindani ilivyorekebishwa mwishoni mwa 2019, mnunuzi mwenye nguvu anayemcheleweshea muuzaji malipo bila sababu, kinyume cha walivyokubaliana, anaweza kushtakiwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Lakini mamlaka itakuuliza mlikubaliana nini, na maneno ya mdomo hayatakusaidia. Unaposhusha mzigo, hesabu mbele ya mpokeaji na atie sahihi na tarehe.

Usafiri uweke kwenye bei tangu mwanzo. Mzigo wa kutoka Changamwe kwenda Likoni unaweza kupita feri ya Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Feri ni karibu lakini foleni yake haina ahadi, Dongo Kundu ni mafuta zaidi lakini saa unaijua. Ukimwahidi mteja kufunga rafu kabla hajafungua duka, pita Dongo Kundu.

Baada ya mwezi mmoja rudi dukani na spana, msasa na kopo dogo la rangi ile ile. Kaza skrubu zilizolegea, paka palipokwaruzwa, na usitoze kitu. Tazama tabaka gani limejaa vumbi na lipi limejazwa tena asubuhi hiyo, na muulize mwenye duka kwa nini. Kisha omba ruhusa ya kupima ule ukuta mwingine.