Kidhibiti Joto cha Hita ya Maji: Kuokoa Uniti Bila Kuoga Maji Baridi

Miezi ya Juni na Julai katika wilaya za nyanda za juu, kaya zenye hita ya tangi hushuhudia uniti za LUKU zikiisha mapema kuliko ilivyozoeleka. Lawama huelekezwa kwa mita. Mara nyingi chanzo kimo ndani ya hita yenyewe, katika kifaa kidogo kiitwacho kidhibiti joto, ambacho mafundi wengi hukiita themostati.

Kazi ya kifaa hicho ni kukata umeme maji yanapofikia joto lililopangwa na kuurudisha yanapopoa. Tangi la lita 80 lililojazwa maji ya nyuzi 15 huhitaji uniti 4 na ushei ili kufikia nyuzi 60. Likipangwa nyuzi 75, huhitaji uniti 5 na nusu. Wapo watakaosema kwamba maji ya moto zaidi huchanganywa na baridi mengi zaidi, hivyo hakuna kinachopotea. Hoja hiyo ina ukweli kwa maji yanayotumika papo hapo, lakini haiyahusu yale yanayolala ndani ya tangi.

Tangi hupoteza joto usiku na mchana, na upotevu huo huongezeka kadiri tofauti ya joto kati ya maji na hewa ya nje inavyokuwa kubwa. Chumbani mwenye nyuzi 15, maji ya nyuzi 75 yana tofauti ya 60, na yale ya nyuzi 60 yana tofauti ya 45. Upotevu hupungua kwa robo, hata kama hakuna aliyefungua bomba.

Kwa sababu hiyohiyo, si kweli kwamba kuiacha hita ikiwaka siku nzima ni nafuu kuliko kuizima na kuiwasha upya. Tangi lililopoa hupoteza joto kidogo kuliko lililo moto. Hapo ndipo vidhibiti vya kisasa vinapofaa: vina saa ya kupanga muda wa kuwaka, na baadhi hujifunza nyakati ambazo familia huoga. Asiye na kifaa hicho aweza kupata sehemu kubwa ya faida kwa swichi ya ukutani, mradi aiwashe saa mbili au zaidi kabla ya kuoga, kwa kutegemea nguvu ya hita.

Kushusha joto nako kuna mpaka. Bakteria wa Legionella, wasababishao homa kali ya mapafu, hustawi katika maji ya vuguvugu, hivyo tangi lisipangwe chini ya nyuzi 60. Hata hivyo, maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na ya mtoto huungua upesi zaidi. Mzazi afungulie maji baridi kwanza, kisha aongeze ya moto, na ayapime kwa kiwiko kabla ya kumwogesha mtoto.

Kurekebisha kidhibiti kilicho nyuma ya mfuniko si kazi ya kubahatisha. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Akiwapo, aombwe pia kukagua vali ya usalama. Inapodondosha matone wakati maji yanapashwa, huwa inapunguza shinikizo la tangi, na kuiziba ili isidondoshe kwaweza kulipasua.